Nani Kasema, na Tutampata Wapi: Utangulizi wa Urejeleaji kwa Watafiti wa Bagamoyo na Mrima

Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Jina lililotangulizwa ni la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Lakini sehemu kubwa ya kitabu ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yake katika seminari hiyohiyo. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika juu ya harusi, jando, unyago, ngoma au safari za bara atakutana na kitabu hiki mapema katika usomaji wake, na atalazimika kuweka kitu ndani ya mabano. Aweke (Velten, 1903)? Wengi huandika hivyo kwa kuwa ndivyo walivyokuta kwa waliowatangulia. Naanzia hapo kwa sababu somo zima la urejeleaji limo ndani ya mabano hayo.

Karibu, basi, katika taaluma hii. Najua wengi wenu mmeletwa na msimamizi aliyewarudishia rasimu iliyojaa wino mwekundu: nukta hapa, mlazo pale, “uk.” palipotakiwa “kur.”. Hayo yana nafasi yake na yatafundishwa. Lakini mwanafunzi anayeanza na nukta huchoka haraka, na ana haki ya kuchoka, maana hajaambiwa nukta hizo zinatumikia nini. Zinatumikia maswali mawili: maneno haya ni ya nani, na mtu anayetaka kuyahakiki atayapata wapi? Ukiyajibu yote mawili kwa ukamilifu, mtindo wa APA, wa Chicago au wa chuo chako ni suala la mpangilio tu. Usipoyajibu, hakuna mtindo utakaokuokoa.

Turudi kwa Mtoro. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha California kilichapisha tafsiri ya Kiingereza ya kitabu chake, iliyofanywa na J. W. T. Allen, na safari hii jina la Mtoro likaingia katika anwani yenyewe, pamoja na “Waswahili wengine” waliochangia. Ilipita miaka 78 kati ya chapa ile na hii. Katika muda huo wote, kila aliyefuata ukurasa wa mwanzo bila kuuliza zaidi alikuwa akimpa mhariri kazi ya mwandishi. Mimi huandika hivi katika orodha ya marejeleo: Mtoro bin Mwinyi Bakari (1903). Desturi za Wasuaheli. C. Velten (mh.). Göttingen: Vandenhoeck & Ruprecht. Velten hapotei. Anakaa mahali pake, pa mhariri, na ni lazima akae, kwa sababu mkono wake umo: yeye ndiye aliyepanga na kuchapisha, na msomaji anapaswa kujua kwamba Kiswahili cha Mtoro kimemfikia kupitia mkono huo. Hao “Waswahili wengine” wapewe tanbihi. Nayo tahajia ya “Wasuaheli” uiache ilivyo. Anwani ya kitabu hairekebishwi kwa sababu lugha imesanifiwa baadaye. Atakayeitafuta kwa “Waswahili” katika maktaba nyingine hataipata.

Angalia pia nilivyoliandika jina. Katalogi nyingi humweka mtu huyu chini ya Bakari, kwa kuwa zimezoea kwamba neno la mwisho ndilo jina la ukoo. Kwetu neno baada ya “bin” ni jina la baba. Ukiandika “Bakari, M.” umemtaja mzee wa Mtoro. Vivyo hivyo kwa Hemed bin Abdallah el-Buhriy, mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima: ukimpanga chini ya “Abdallah” umeupeleka utenzi kwa baba yake. Waislandi nao hawana jina la ukoo kwa maana ya Kiingereza, na waandishi wao hupangwa kwa jina la kwanza bila mtu kuona ajabu. Nasi tuna haki hiyohiyo. Shaaban Robert ni mfano mgumu zaidi. Wako wanaomweka kwenye R na wako wanaomweka kwenye S. Chagua njia moja, ieleze katika tanbihi, uishike hadi ukurasa wa mwisho. Ukitumia programu ya Zotero, ipo nafasi ya kuandika jina katika kisanduku kimoja badala ya viwili. Itumie kwa majina yote yenye “bin” na “binti”, la sivyo programu itayageuza yenyewe.

Wapo wanaodhani kwamba kutaja chanzo ni adabu iliyoletwa na vyuo vikuu. Pwani hii iliijua mapema. Mwanachuoni wa hadithi hupokea mambo mawili pamoja: matini, yaani maneno yenyewe, na isnadi, yaani mfuatano wa walioyapokeza, mmoja kutoka kwa mwingine. Isnadi ikikatika mahali, hadithi inadhoofika hata kama maneno yake ni mazuri. Tarika nazo zina silsila. Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemjua kama Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo mtoto, mtumwa kutoka Manyema. Akasoma, akawa kiongozi wa Qadiriyya, na hadi alipofariki mwaka 1931 watu walimwendea kutoka mbali. Hakuwa na ukoo wa kujivunia katika mji uliopenda sana koo. Alikuwa na elimu, na alikuwa na silsila iliyoonyesha ameipokea wapi tarika yake. August Nimtz alieleza habari zake katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu Uislamu na siasa Afrika Mashariki, na ningependa kila mwanafunzi wa uzamili akisome, hata yule ambaye mada yake ni nyingine kabisa.

Nataja isnadi kwa sababu inatufundisha kitu ambacho miongozo ya mitindo hukipitia juu juu: usiruke pete ya mnyororo. Chukua Feasts and Riot cha Jonathon Glassman, cha mwaka 1995, kuhusu miji ya Mrima katika miaka iliyotangulia vita vya Abushiri. Kina tanbihi nyingi zinazoelekeza kwenye majalada ya Kijerumani na barua za mabalozi. Mwanafunzi huvutiwa na nukuu, akaichukua pamoja na namba ya jalada, akaiweka katika tasnifu yake kana kwamba yeye mwenyewe alikaa na karatasi zile. Hilo ni kosa kubwa kuliko kukosea mkato. Amedai kuona asichokiona. Na kama Glassman alikosea tarakimu moja, sasa kosa lina mashahidi wawili. Andika chanzo cha asili, kisha “kama kilivyonukuliwa katika Glassman (1995)” pamoja na ukurasa. Hakuna aibu katika kuonyesha ulipopokelea.

Mfano wa pili wa pwani hiihii unahusu Livingstone. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na mwili wake ukafikishwa Bagamoyo Februari 1874 na msafara uliokuwa na Chuma, Susi na Jacob Wainwright. Shajara zake za mwisho zilichapishwa London mwaka huohuo wa 1874, zikihaririwa na Horace Waller, naye alipata habari za siku za mwisho na za safari ya maiti kutoka kwa Chuma na Susi, waliokwenda Uingereza kukaa naye. Sasa tazama tasnifu inayosimulia jinsi maiti ilivyobebwa hadi pwani, kisha ikafunga aya kwa (Livingstone, 1874). Marehemu hakuandika habari za mazishi yake. Wasemaji ni Chuma na Susi, mwandishi wa mkono ni Waller, na rejeleo lazima liseme hivyo, japo katika tanbihi ya mistari miwili. Wainwright, ambaye alijua kusoma na kuandika, aliweka shajara yake mwenyewe, na hiyo hurejelewa kwa jina lake.

Tufike kwenye nyaraka, ambako wanafunzi wengi wa historia ya Bagamoyo hutumia muda wao mwingi. Mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani hadi 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam, na misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ilianza hapo mwaka 1868. Kwa hiyo karatasi zake zimetawanyika: majalada ya Kijerumani na ya Kiingereza yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mengine yako Zanzibar, mengine Berlin, na maandishi ya mapadri, kwa Kifaransa, mengi yako Ufaransa. Ukiwa umelifungua jalada mbele yako, kabla hujanakili hata sentensi moja, andika haya: jina kamili la hifadhi, fungu, namba ya jalada, namba ya karatasi, nani kamwandikia nani, akiwa wapi, tarehe gani, kwa lugha gani. Andika pia siku uliyolisoma. Na usiandike “TNA” peke yake. Kwetu herufi hizo ni Nyaraka za Taifa za Tanzania, lakini hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew nayo hujiita hivyohivyo, na watafiti wa pwani hutumia zote mbili katika sura moja. Fafanua vifupisho vyako katika ukurasa wa mwanzo, uweke tofauti iliyo wazi.

Tarehe nazo zataka uangalifu. Barua na mashairi mengi ya Mrima yana tarehe za Hijria. Mwaka 1307 unaanzia Agosti 1889 na kuishia Agosti 1890, hivyo mwandiko wenye mwaka huo bila mwezi uandikwe 1307 H/1889–90. Ukichagua 1889 kwa sababu inapendeza, umeweka mwandiko huo ndani ya mwaka ambao Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889, nao huenda uliandikwa miezi kadhaa baadaye. Kwa utenzi wa Hemed, uliotolewa kama kitabu mwaka 1955, taja miaka yote miwili, wa kutungwa na wa kuchapishwa. Msomaji asidhani kuwa ni sauti ya miaka ya hamsini. Majarida nayo hubadili majina. Lile lililoanza mwaka 1936 kama Tanganyika Notes and Records baadaye likawa Tanzania Notes and Records. Andika jina lililokuwapo mwaka makala ilipotoka.

Suala ninalolijali kuliko yote ni la masimulizi ya mdomo. Kutoka Bunju na Mapinga hadi Mlingotini, Kaole, Saadani na Winde, maarifa mengi hayamo katika karatasi. Kina mama wanaolima mwani Mlingotini wanajua mambo ya bahari yao ambayo hakuna makala imeyaandika. APA, katika toleo lake la saba, inaelekeza kwamba mazungumzo binafsi yatajwe ndani ya matini tu, yasiingie katika orodha ya marejeleo, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyapata. Na maneno ya waliohojiwa kama washiriki wa utafiti hayahesabiwi kuwa chanzo cha kurejelewa. Naielewa hoja hiyo, lakini matokeo yake kwa tasnifu kuhusu Bagamoyo ni mabaya: orodha ya mwisho inajaa majina ya Göttingen, London na Cambridge, na wazee waliokueleza makaburi ya Kaole ni ya nani hawamo. Hapo tumerudia kwa mikono yetu alichotendewa Mtoro.

Njia ipo, na haivunji kanuni. Weka orodha ya pili, “Masimulizi ya Mdomo”, baada ya marejeleo yaliyochapishwa. Wanahistoria wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Kila ingizo liwe na jina la msimulizi kama anavyojiita mwenyewe, kijiji, lugha ya mazungumzo, tarehe, na mahali rekodi ilipohifadhiwa. Lakini kwanza umwombe ridhaa, na umweleze kwa Kiswahili cha kawaida kwamba jina lake litasomwa na watu asiowajua. Wapo watakaotaka watajwe kwa fahari. Wapo, hasa palipo na mgogoro wa ardhi, watakaotaka wafichwe, na hapo utaandika “Msimulizi 4, mwanamke, Zinga” na kulinda jina halisi kwa uaminifu uleule ambao ungeutumia kulitangaza. Kutaja na kutotaja vyote ni haki ya msimulizi, nawe ni mshika amana.

Kuhusu ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari na upana wa pambizo, fuata mwongozo wa ofisi ya uzamili ya chuo chako, usipoteze usiku kubishana nao. Turnitin itakuonyesha maneno yanayofanana na ya wengine. Haitakuonyesha kwamba umemnyima mtu jina lake. Na zana za akili mnemba zinaweza kukutungia rejeleo lenye mwandishi, mwaka na jarida, likavutia kabisa, na makala hiyo isiwepo duniani. Usiweke katika orodha yako kitu ambacho hukukishika au kukifungua.

Zoezi la kwanza ni hili. Tafuta tasnifu ya Walter T. Brown kuhusu historia ya Bagamoyo kabla ya ukoloni, iliyowasilishwa Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1971, au nyingine yoyote kuhusu Mrima iliyomo katika maktaba yako. Chagua marejeleo kumi kutoka sura moja, uyafuate moja moja hadi kwenye chanzo. Kisha andika kurasa mbili: yapi uliyafikia, yapi yalikukatikia njiani, yalikatikia wapi, na mwandishi angeandika nini zaidi ili usipotee.