Kayongo ni Mbili, Tuzijue

Ndugu wakulima, tukitembelea vikundi huku ziwani tunaona maua ya zambarau yamependeza katikati ya mahindi yaliyodumaa. Ni kayongo, au kiduha. Ukienda Pwani, utaonyeshwa nyingine fupi, yenye maua mekundu. Je, ni kitu kimoja? La. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini kila mmoja na tabia yake.

Kwanza zinavyofanana. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Hungoja udongoni mpaka mizizi ya mahindi, mtama au wimbi ipite karibu. Ndipo humea, hushika mzizi na kunyonya maji na chakula. Hukaa chini majuma kadhaa bila kuonekana. Kwa hivyo ukiiona juu, mahindi yako yameshaumia. Huo si uchawi.

Tofauti ni hizi. Ile ya ziwa, Striga hermonthica, ni ndefu na ua lake ni kubwa. Haiwezi kujichavusha, lazima wadudu walete chavua kutoka kwa mwenzake. Ile ya Pwani, Striga asiatica, mara nyingi haifiki goti, na hujichavusha yenyewe. Mmoja tu uliosahaulika pembeni mwa shamba unatosha kuanzisha ukoo mzima. Basi tusiidharau kwa ufupi wake. Na ile ndefu tusiiachie pia, kwa maana wadudu hawakosi, na mmea mmoja huzaa mbegu maelfu kwa maelfu. Mbegu hizo zinaweza kukaa hai udongoni zaidi ya miaka 10.

Tufanyeje? Dawa ya zote mbili ni kung'oa kabla hazijatoa mbegu. Zilizokwisha kukomaa zichomwe, zisitupwe kwenye shimo la mbolea wala kupewa ng'ombe. Jembe lisafishwe kabla ya kwenda shamba lingine. Tutie samadi, maana kayongo hupenda udongo uliochoka. Tena tupande desmodium kati ya mistari ya mahindi, kama watafiti wa ICIPE kule Mbita walivyofundisha. Mizizi yake huzuia kayongo isishike mahindi, na majani ni chakula cha ng'ombe.

Ukisafisha kwako na jirani aache, mvua itakuletea mbegu zake. Kwa hivyo kila kikundi kipange siku ya kung'oa, shamba kwa shamba, na tuanze na la mjane na la mgonjwa.