Jinsi ya Kuitazama Picha ya Barabara Usiku

Katika chumba chetu cha sanaa pametundikwa nakala ya picha iitwayo "Boulevard Montmartre Usiku". Siku ya kwanza nilipoiona nilicheka, nikamwambia mwenzangu kuwa mchoraji huyu alimwaga rangi akaenda zake. Mwalimu alinisikia, wala hakunikemea. Aliniambia nirudi nyuma hatua saba, nitazame tena. Nilipofanya hivyo kicheko kiliniisha. Mabaka yale yalikuwa barabara kubwa ya Paris, usiku, mvua imenyesha. Nataka kuwaeleza niliyojifunza tangu siku hiyo.

Picha hii ilichorwa na Camille Pissarro mwaka 1897. Mzee huyo, aliyezaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha St Thomas, bahari ya Karibi, alizoea kuchora nje mashambani. Lakini macho yake yalishikwa na maradhi, akakatazwa upepo na vumbi. Basi alipanga chumba hotelini, akachora aliyoyaona dirishani. Barabara hiyo aliichora mara 14, katika jua, ukungu na mvua. Ya usiku ni hii moja tu.

Kwanza, yatupasa kuangalia mpangilio. Dirisha lilikuwa juu, kwa hiyo nasi tunatazama kama ndege aliyetua ukingoni. Nyumba za pande zote mbili, miti, na magari ya farasi, vyote vinazidi kusongamana kadiri viendavyo mbali, na jicho linavutwa huko huko. Taa za katikati zimefuatana, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Hivyo kitambaa cha sentimita 65 tu kimebeba barabara ndefu.

Pili, rangi. Wengi wetu tukiambiwa tuchore usiku hukimbilia rangi nyeusi. Pissarro ametumia sana buluu na zambarau. Taa za umeme za barabarani ni nyeupe, na mwanga wa gesi katika madirisha ya maduka ni wa manjano na wa rangi ya machungwa. Buluu ni rangi ya baridi, manjano ni ya joto; zikikaa jirani, kila moja humtia mwenziwe nguvu. Ndiyo maana taa zile zaonekana kuwaka kweli.

Tatu, kazi ya brashi. Ukisogea karibu hutaona uso wa mtu hata mmoja. Mtu ni mguso mmoja au miwili ya brashi. Maji ya barabarani ni mistari mifupi yenye rangi za taa. Huu si uvivu. Usiku wa mvua, simama mbali na taa, utazame vema: je, waona nyuso, au waona mwanga unaotetemeka?

Pissarro hakuitia picha hii sahihi yake, wala haikuonyeshwa hadharani mpaka alipofariki mwaka 1903. Sasa ni mali ya National Gallery, London. Mara nyingi humfikiria mzee yule mwenye macho mabovu, akikodoa dirishani usiku ili asikose hata taa moja. Mimi mwenye macho mazima nilikuwa nimecheka kabla sijatazama. Wenzangu, kabla ya kucheka, rudini nyuma hatua saba.