Je, Wajua? Chipu ya Joto Haijui Nyuzi

Je, wajua kwamba chipu inayopima joto ndani ya kompyuta hutoa namba tupu tu? Chipu ya LM75, iliyobuniwa na kampuni ya Marekani ya National Semiconductor, ikitoa 90, joto halisi ni nyuzi 45 za Selsiasi, kwa kuwa kila hatua yake ni nusu nyuzi. Anayeijua siri hiyo ni draiva, programu ndogo ndani ya mfumo endeshi. Ile ya LM75 kwenye Linux iliandikwa na Frodo Looijaard mwaka 1998 na 1999, na chipu ikisema 90, draiva huandika 45000, yaani joto kwa sehemu za elfu za nyuzi.

Hapa Kinanie, Machakos, kupima joto si anasa. Tuko kwenye tambarare za Athi, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 14. Hewa nyepesi huondoa joto pungufu kila feni inapozunguka. Kiangazi kikija na vumbi lake, mapezi ya kupozea prosesa huziba, na mashine hupungukiwa na pumzi mara mbili.

Kwa hiyo habari za feni zina uzito kama za joto. Chipu nyingine ya National Semiconductor, LM78, hupima volteji 7, feni 3 na joto la sehemu 1. Feni nyingi hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko. LM78 haihesabu mizunguko kwa dakika. Kutokana na mapigo hayo, hupima muda wa mzunguko kwa saa ya ndani inayopiga mara 22,500 kwa sekunde. Draiva huchukua 1,350,000, yaani mapigo ya saa hiyo kwa dakika moja, ikaigawa kwa hesabu iliyosomwa na kwa kigawanyo, namba inayopunguza hesabu hiyo isijae mapema. Hesabu ikiwa 153 na kigawanyo 2, feni inazunguka takriban mara 4,400 kwa dakika.

Ugumu uko kwenye feni ya polepole. Hesabu ikifika 255 imejaa, na chipu haiwezi tena kutofautisha feni inayojikokota na iliyosimama kabisa. Ndiyo maana draiva humruhusu fundi kuchagua kigawanyo cha 1, 2, 4 au 8. Kwa 8, hata mizunguko 700 kwa dakika husomeka.

Mwenye Linux aliyeweka programu ya lm-sensors aandike tu neno sensors, asome joto na kasi ya feni kwa pamoja. Joto likipanda huku feni ikikimbia, safisha mapezi kwanza, kisha angalia gundi ya joto iliyo juu ya prosesa. Joto likipanda huku feni ikisoma sifuri, huenda hesabu imejaa tu, kwa hiyo jaribu kigawanyo kikubwa zaidi. Sifuri ikibaki, zima mashine ukague waya na feni yenyewe. Namba hizo mbili humwepusha mtu kununua prosesa mpya wakati alichohitaji ni brashi tu.