Mikoko ya Gazi: Msitu Uliorudishwa kwa Mikono ya Wenyeji

Tangu zamani wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wameuhesabu mkoko kuwa ni mali ya kukatwa. Boriti za dari katika nyumba za mawe za Lamu na Mombasa, kuni za kuchomea chokaa, magome ya mkandaa ya kutilia rangi ngozi, na mataruma ya vyombo vya bahari, vyote vilitoka katika misitu ya maji ya chumvi. Kwa karne nyingi majahazi yaliyoletwa na kaskazi yalirejea Arabuni na Ghuba wakati wa kusi yakiwa yamesheheni boriti, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje ya nchi mwaka 1982.

Katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, kiasi cha kilometa 50 kusini ya Mombasa, wenyeji wamechukua mwendo ulio kinyume na mazoea hayo. Wavuvi, akina mama na wanafunzi huingia topeni kupanda miti ambayo hawakusudii kuikata. Ili kuelewa sababu ya juhudi hiyo, haina budi kwanza kuuelewa mti wenyewe.

MTI UISHIO MAHALI PAGUMU

Kenya ina misitu ya mikoko ipatayo hekta 60,000, na sehemu kubwa yake iko Lamu. Ndani yake mna aina 9 za miti. Mlilana husimama mbele kabisa, mkabala na bahari. Nyuma yake hufuata mkoko wenyewe, yaani ule wenye mizizi inayofanana na matao, kisha muia na mkandaa. Mchu huonekana pande zote mbili, kwenye ukingo wa bahari na kwenye ukingo wa nchi kavu.

Mpangilio huo si wa bahati. Ardhi iliyo karibu na bahari hufunikwa na maji mara mbili kila siku. Ile ya nyuma hufikiwa wakati wa bamvua tu, na siku za maji mafu jua huikausha hata chumvi ikazidi ile ya bahari yenyewe. Kila aina ya mti ina kiasi chake cha chumvi na cha mafuriko inachoweza kustahimili. Mkoko huizuia chumvi nyingi mizizini isiingie, ilhali mchu huiruhusu ipite kisha ukaitoa kwa njia ya majani. Mtu akililamba jani la mchu ataionja chumvi hiyo.

Shida ya pili ni hewa. Tope lililojaa maji halina oksijeni ya kutosha mizizi. Kwa hiyo mchu na mlilana huchomoza juu ya tope vijiti vingi vya kupumulia, na matao ya mkoko yana vitundu vidogo vya kupitishia hewa. Vitu hivyo vikifukiwa, mti hufa kwa kukosa pumzi. Jambo hilo lilitokea katika kijito cha Mwache, karibu na Mombasa, baada ya mvua kubwa za El Niño za miaka ya 1997 na 1998: udongo ulioteremshwa na mito uliifunika mizizi, na sehemu kubwa ya msitu ikakauka.

MSITU ULIPOKATWA

Katika miaka ya 1970 sehemu za msitu wa Gazi zilikatwa kwa wingi ili kupata kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Ingefikiriwa kwamba msitu ungeota tena wenyewe, kwa kuwa mikoko huzaa mbegu nyingi. Lakini sehemu kadhaa zilibaki wazi kwa miaka mingi. Miti mizazi ilikuwa imeondolewa; mawimbi, yaliyokosa kizuizi, yalichukua tope na kuleta mchanga; na mbegu zilizoletwa na maji hazikupata pa kushika.

Hasara haikuwa ya miti peke yake. Kati ya mizizi ya mikoko ndipo kamba, kaa na samaki wachanga wanapojificha na kulishwa na mabaki ya majani. Mvuvi anayeishi kwa wavu na mtumbwi hana ghala jingine. Hali kadhalika, msitu ulio mbele ya kijiji huyapunguza nguvu mawimbi kabla hayajaufikia ufuo.

KUPANDA KWA KUFUATA MAJI

Mwaka 1991 watafiti wa Kenya walianza majaribio ya kupanda mikoko upya mahali hapo, wakishirikiana na wanakijiji. Mbegu ya mkoko huota ingali inaning'inia juu ya mti mama, ikawa mche mrefu wenye ncha mithili ya mkuki. Mpandaji huuokota uliokomaa na kuuchomeka topeni wakati maji yamekupwa. Kwa macho, kazi hiyo ni nyepesi. Ugumu wake umo katika kuchagua mahali.

Mkoko ukipandwa nyuma sana, chumvi huuunguza. Mche ukipandwa mbele pasipo kinga, wimbi huung'oa. Hapa ndipo maarifa ya mvuvi yanapokutana na vipimo vya mtaalamu. Mtaalamu hupima chumvi na kimo cha ardhi. Mvuvi anajua bamvua hufika wapi na mkondo hupita upande gani. Shamba la mikoko lililopandwa mwaka 1994 lilipopimwa baada ya miaka 12, miti yake ilikuwa na urefu wa wastani unaozidi mita 8.

HAZINA ILIYO CHINI YA TOPE

Kila mti huvuta hewa ukaa na kuitumia kujenga shina, majani na mizizi. Katika msitu wa nchi kavu, sehemu kubwa ya majani na mizizi iliyokufa huoza upesi na kuirudisha hewa hiyo angani. Katika tope la mikoko, kwa kuwa oksijeni ni haba, uozo huenda polepole sana. Kaboni hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka, na aghalabu ile iliyo chini ya ardhi huizidi sana iliyo katika miti yenyewe. Jaribio lililofanywa Gazi lilionyesha pia kwamba pale miti ilipouawa, uso wa ardhi ulishuka kwa haraka ukilinganishwa na palipo na miti hai. Ni dhahiri kwamba anayekata mkoko huidhoofisha hata ardhi inayomzuilia bahari.

Maarifa hayo ndiyo yaliyozaa mpango uitwao Mikoko Pamoja, ulioanzishwa mwaka 2013 na vijiji vya Gazi na Makongeni, na kupangiwa muda wa miaka 20. Mikoko ni msitu wa serikali, lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwafungulia wananchi mlango wa kushiriki katika kuusimamia. Hekta 117 zilitengwa: 107 za msitu wa asili na 10 zilizopandwa. Hewa ukaa inayohifadhiwa, yapata tani 3,000 kwa mwaka, hupimwa na kuthibitishwa, kisha vyeti vyake huuzwa kwa watu na mashirika yanayotaka kufidia hewa chafu wanayoitoa. Fedha hizo hutumika kwa mambo ya wote, kama vile maji safi na mahitaji ya shule. Kamati huchaguliwa na wanakijiji wenyewe.

MZIGO WA KUJITOLEA

Hata hivyo, bomba la maji la kijiji haliezeki nyumba ya mtu. Kijana anayetaka kujenga bado anahitaji boriti, na mama bado anahitaji kuni leo, si baada ya miaka 20. Kuwakataza tu kungewafanya wakate usiku. Kwa sababu hiyo mivinje, ambayo hukua upesi, ilipandwa nchi kavu ili iwe badala ya mikoko kwa nguzo na kuni. Mpango wowote wa hifadhi usiojibu swali la kuni hujenga uadui kati ya msitu na jirani yake.

Mwaka 2019 mfano wa Gazi ulifuatwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, kwenye eneo kubwa zaidi. Funzo lake kwa miji na vijiji vingine ni hili: mche huchomekwa topeni kwa dakika moja, lakini msitu huhitaji watu watakaorudi kila maji yanapokupwa kuangalia umesimama au umelala. Utaalamu unaweza kutoka mbali. Watu hao hawana budi kutoka papo hapo.