Ndege Isiyopata Ndugu

Ndege za Spitfire, zilizopigana katika vita vya 1939 hata 1945, Waingereza walizitengeneza zaidi ya 20,000 kwa jumla, na sifa zake zikaenea duniani. Sisi leo twapenda kuzungumza habari za ndege mbili ambazo kila moja ilitengenezwa peke yake, isipate ndugu.

Huko Denham, karibu na London, palikuwa na karakana ya mabwana wawili: James Martin, fundi mzaliwa wa Ireland, na Kapteni Valentine Baker, rubani hodari. Martin alibuni, Baker akarusha. Ndege yao M.B.3, yenye mizinga midogo sita mabawani, ilipaa mara ya kwanza Agosti 1942. Tarehe 12 Septemba injini yake ilizimika punde tu baada ya kuondoka chini. Baker akajaribu kuteremka shambani. Ndege ikavunjika, naye akafa. Tukumbuke kwamba parashuti huhitaji kimo ili ifunguke. Aliye karibu na ardhi haimfai kitu.

Martin akaunda nyingine, M.B.5, iliyopaa tarehe 23 Mei 1944. Hiyo ilikuwa na rafadha mbili, moja mbele ya mwenziwe, moja ikizunguka kulia na moja kushoto. Kwa maana rafadha moja ya injini yenye nguvu nyingi huivuta ndege upande, bali mbili zikipingana, huenda sawa. Mwendo wake ulifika maili 460 hivi kwa saa. Marubani walioijaribu waliisifu mno. Lakini ndege za jeti zilikuwa zimekwisha kuja. Ni kama mtu aliyemaliza kuchonga mtumbwi mzuri siku ile meli ya moshi inapotia nanga.

Basi Martin hakuunda tena ndege za vita. Aliyemkaa moyoni ni rafiki yake. Akashughulika na kiti chenye baruti chini yake, cha kumtupa rubani nje ya ndege yenye hatari, kwa sababu penye mwendo mkali upepo humzuia asiweze kutoka kwa nguvu zake mwenyewe. Tarehe 24 Julai 1946 fundi wake, Bernard Lynch, alikubali kukikalia, akarushwa kutoka katika ndege ya Meteor iliyokuwa ikienda maili 320 kwa saa, akatua salama. Mwaka 1949 kiti hicho kilimwokoa rubani Mwingereza wa kwanza, Jo Lancaster. Tangu hapo waliookolewa wamepita 7,000, na karakana ile ingali yaitwa Martin-Baker.