Mguu Usiosikia Maumivu

Ndugu msomaji, ukikanyaga mwiba utasimama mara hiyo, utaketi na kuutoa. Maumivu yamekufanyia kazi njema. Mungu ameyaweka mwilini kama mlinzi wa zamu: adui akija, humwamsha mwenye nyumba.

Lakini kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari, mlinzi huyu huweza kulala usingizi. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, mishipa ya fahamu huharibika, na mguu hausikii tena. Mishipa ya damu nayo huwa myembamba, hata damu haifiki vema vidoleni. Kwa hiyo kidonda hakiponi upesi, na vijidudu huzidi.

Mzee mmoja, mvuvi, alikuja kwetu kutoka upande wa Makobola. Msumari ulikuwa umepenya kandambili yake, naye akatembea nao kutwa nzima asijue. Jioni mkewe aliona damu mkekani. Kwa kuwa hakusikia maumivu, alikaa majuma matatu. Jamaa walisema ametegewa uchawi njiani, wakapaka majivu na majani. Alipofika, vidole viwili vilikuwa vyeusi, navyo vilikatwa. Mguu ulisalia. Kama angalikawia zaidi, angaliupoteza mguu wote, au hata uhai wake.

Basi usiseme kwamba kidonda kisichouma ni kidogo. Kisichouma ndicho cha kuogopwa.

Jambo hili lilifahamika vema kwa kazi ya Paul Brand, daktari mmisionari aliyefika Vellore, Bara Hindi, mwaka 1946. Watu walidhani ukoma wenyewe ndio unaoozesha vidole. Yeye aliona kwamba vidole huharibika kwa sababu mgonjwa hasikii: hushika sufuria ya moto, hutembea juu ya kidonda, na usiku panya humtafuna asiamke. Ndipo wagonjwa wakapewa paka! Mwaka 1966 alikwenda Carville, Marekani, na mafundisho hayo yakawafaa pia wenye ugonjwa wa sukari. Tena mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika habari za wagonjwa wa sukari walioumwa na panya miguuni usiku. Panya wa Uvira si wapole kuliko hao.

Kwa hiyo macho yako yashike zamu ya mlinzi aliyelala:

1. Kila jioni tazama miguu yote miwili, juu, chini ya wayo, na katikati ya vidole. Kama huoni vema, mtoto akutazamie.

2. Ioshe kwa maji safi na sabuni, usiiloweke. Maji ya moto yajaribu kwa kiwiko, si kwa mguu. Kausha vema katikati ya vidole.

3. Usitembee miguu mitupu, hata nyumbani, wala kwenye mchanga wa ziwa jua likiwa kali. Kabla ya kuvaa kiatu, tia mkono ndani utafute jiwe au msumari. Ziwa likifurika, kama mwaka 2024, usiingie majini bila viatu vigumu.

4. Usiote moto miguu kwenye mbabula.

5. Usikate sugu kwa wembe. Kucha zikate moja kwa moja, usichimbe pembeni.

6. Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, na chakula kifunikwe mbali na kitanda.

Ukiona kidonda, kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kifunike kwa kitambaa safi, uje hospitali siku ile ile. Usitie majivu, mavi ya ng'ombe, wala unga wa vidonge. Mguu ukivimba, ukiwa wa moto, ukinuka au ukiwa mweusi, au homa ikikushika, njoo hata usiku.

Hospitalini tutapima sukari, tutaondoa nyama iliyokufa, tutafunga kidonda, na kama vijidudu vimeingia tutatoa dawa ya kuviua. Lakini iko dawa moja isiyouzwa dukani, nayo ni kutokukanyaga kidonda. Kidonda cha wayo kikikanyagwa kila siku hakiponi, hata dawa zikiwa nzuri namna gani. Tumia magongo. Usiende shambani wala sokoni mpaka uambiwe.

Najua neno hili ni gumu. Nani atateka maji? Nani atauza ndagala? Hapa, ndugu wa kanisa, ndipo kazi yenu ilipo. Anayemletea mgonjwa maji na kuni kwa majuma kadhaa anatibu mguu wake kama sisi tunavyoutibu.

Wako wanaosema kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani, wakimtaja Mfalme Asa aliyeugua miguu. Lakini Asa alilaumiwa kwa kuwa hakumtafuta Bwana, si kwa kuwa aliwaona waganga. Wewe mtafute Bwana, nasi tutaomba pamoja nawe. Ila usiache dawa yako ya sukari hata siku moja.

Bwana wetu alijifunga kitambaa, akainama, akaiosha miguu ya wanafunzi wake. Basi usione haya kuitazama miguu yako, wala ya mama yako mzee. Anza leo jioni.