Fahamu: Dawa za uzazi na hesabu ya mapacha
Clomid, au klomifeni kwa jina la kitaalamu, ni dawa ya mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki. Huuhadaa ubongo uone homoni ya estrojeni imepungua, nao hutuma amri ya kukuza yai; pengine yanakomaa mawili. Mapacha, basi, ni dawa kupitiliza kazi yake, na anayeinunua dukani ili awapate anatafuta madhara, si tiba. Sindano za homoni hupitiliza zaidi. Ndiyo maana daktari makini hufuatilia kwa ultrasaundi, na akikuta mayai mengi yamekomaa husitisha mzunguko huo, hata kama mgonjwa ameshalipia.

Wapo wanaosema mayai mengi ndiyo bahati nyingi. Utafiti wa Marekani wa 2014, kwa wanawake 750 wenye PCOS, tatizo la homoni linalovuruga hedhi, hauwaungi mkono: waliopewa letrozoli, dawa nyingine ya kupevusha mayai, walijifungua asilimia 27.5, wa klomifeni 19.1, na mapacha wa letrozoli hawakuzidi. Hoja ya fedha, yaani kulipa mara moja upate wawili, ina uzito zaidi. Matibabu ni ghali, na umri hausubiri. Ila bili haiishii kliniki. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37, mama yao yuko hatarini zaidi kupata kifafa cha mimba, na njiti wawili wanaweza kukaa wodini wiki kadhaa, wakinyweshwa maziwa kwa mpira.